Madirisha ya Eda

Bi Maisara kafiwa na mumewe, yumo edani katika chumba cha chini cha nyumba yao ya Malindi, anamolala miaka yote tangu magoti yamshinde ngazi. Bintiye Mwatima kayaziba madirisha kwa magazeti na selotepu, wapita njia wasimwone.

Leo Faiza, mpimaji wa hewa, kakitoa kipimo alichokiacha chini ya kitanda. Kinawaka taa nyekundu.

"Hii radoni, gesi ya ardhini. Haina rangi wala harufu. Ukifunga chumba inajaa, na ukiivuta miaka inakula mapafu. Fungueni madirisha, mzibe nyufa za sakafu."

Faiza alipokwenda zake, Mwatima aliyatazama magazeti ya madirishani. Kumstiri mama na macho ya watu, kumbe kamfungia ndani na muuaji.

"Mwanangu," mama aliita kwa upole, "mgeni kaacha mlango wazi. Njoo unifungie."