Mboga Iliyofichwa Jikoni

Lenah alikuwa mtu wa Matulo, na watu wa Matulo hawampi mgeni mboga. Mboga ni ya siku zote. Mgeni ni kuku. Ndiyo maana siku ile ya mwaka 1949, Kinyua na mkewe Nyaruai walipofika kutoka Kitale kuona boma ambamo binti yao Wacuka angeolewa, jogoo mkubwa alikuwa ameiva tangu saa tano. Sufuria ya mboga, managu na majani ya maboga, Lenah aliisukuma nyuma ya mlango wa jikoni, akaifunika kwa ungo asije akaaibika.

Mwanawe Wabwile, aliyetaka kumwoa Wacuka, alikuwa amemwambia waziwazi: mzee Kinyua akiondoka bila kuridhika, hakuna harusi.

Lenah akamwekea mzee firigisi, heshima ya juu kabisa. Kinyua akaitazama, akaisogeza sahani pembeni. Lenah akawaka moyoni. Huyu anajiona nani, kukataa firigisi ambayo leo hata mumewe Absalom, mwenye nyumba, amenyimwa?

"Usikasirike, mama," Kinyua akasema. "Si dharau. Sisi wazee wa kwetu hatukuzoea kula kuku. Nilikuwa naona haya kusema."

Kuona haya! Na jogoo mzima amekufa bure. Lenah akakimbilia jikoni kabla machozi hayajamtoka. Nyaruai akamfuata, akaufunua ungo kana kwamba yuko kwake.

"Na hii je? Umechuma lini?"

"Asubuhi. Lakini si hiyo ni mboga tu, mama Wacuka. Ni ya watoto."

"Mboga tu? Kule soko ya Kitale tunauziwa zimelala siku mbili, mtu anamwagia maji ndio ziamke. Ukipika hazina ladha. Na wewe ati unaficha hii!" Akaonja kidogo. "Umetia nini?"

"Munyu. Maji ya majivu ya maganda ya maharagwe." Lenah akashusha pumzi, na mgongo ukanyooka wenyewe. "Hiyo ni kidogo. Ngojeni."

Akashuka bondeni na gauni lake la kanisani, jua la saa saba likiwaka, akachuma mbele ya macho ya wageni. Alivunja kila kikonyo kwa kucha, na kila kilipokatika kwa mlio, Nyaruai alicheka kwa furaha.

Mboga ilipoiva, Kinyua aliila sahani tatu na ugali wa wimbi. Ya nne aliiomba kwa mkono tu. Lenah alijaa fahari. Miaka ishirini wageni walikuwa wakimsifu Absalom kwa kuku wake. Leo kilichosifiwa kilitoka mkononi mwake yeye.

"Huyu binti yetu," mzee akasema hatimaye, "mtampa mahali pa kupanda?"

"Nitampa upande wa mto." Lenah hakumtazama mumewe kwanza. "Ndio mzuri kushinda zote. Ndio wangu."

Kinyua akamgeukia mkewe.

"Mwambie Wacuka aanze kufungasha."