Jiwe la Tarehe Tatu Januari

...au labda ni Mabruka mwingine, mji huu una akina Mabruka wangapi, ukiita jina hilo sokoni wanageuka watano, lakini Mabruka binti Taieb, mjane wa Hmida mfumaji hariri, huyo si mmoja tu? Raudha alivua miwani yake ya jua, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena, na jiwe la kaburi likabaki na maneno yaleyale, amehamia kwenye rehema ya Mola tarehe tatu Januari mwaka jana, na nyuma yake mtembeza watalii, Bwana Wajdi mwenye kofia ya ukindu, alikuwa akiendelea kuwaambia Waitaliano wake, “Bandari ile pale chini, mabibi na mabwana, imechongwa mwambani miaka elfu moja iliyopita, sogeeni, sogeeni, upepo wa Mahdia hauli mtu,” nao wakacheka, hata yeye alitaka kucheka, maana haiwezekani, juzi tu, Ijumaa, alizungumza na mama kwenye simu dakika ishirini nzima, mama akamuuliza kama anakula vizuri, akamuuliza habari za goti la mumewe Calogero, sasa maiti gani huyo anayeuliza habari za magoti ya watu... Yeye Raudha amekuja Tunisia kutoka Sicilia na kundi la watalii, safari ya siku tano, kajiita Rosa, kavaa miwani mieusi asije akatambuliwa na mtu wa mtaani kabla mama hajamwona, na kwenye mkoba ana shali ya sufu ya buluu, alikuwa atoroke hapahapa makaburini wakati wenzake wanapiga picha, ashuke uchochoro, agonge mlango, amshtukize, kwa sababu kila akisema kwenye simu nakuja, mama alimjibu usije kwanza mwanangu, subiri nyumba ipakwe rangi, na nyumba hiyo imepakwa rangi mwaka mmoja na nusu haiishi, jumba la sultani halipakwi hivyo. Pumbavu we Raudha. Na kila akisema basi washa picha nikuone, mama alisema macho yana mtoto wa jicho, nimezeeka, sitaki unione... Hebu hesabu, hesabu kwa vidole, Januari, Februari, Machi, simu ya kwanza ilikuja Machi, alikuwa jikoni kwake Mazara, kulekule Sicilia, mikono imejaa magamba ya samaki, akaipokea kwa kiwiko, na sauti ikasema, “Raudha, binti yangu, ni mimi,” ikakatika kwa kilio, “nisamehe, mwanangu, nisamehe,” naye akaketi chini sakafuni, akalia hadi samaki wakaungua, miaka kumi na moja mama alikuwa hajamtamkia neno, tangu siku aliyoondoka na Calogero, Mtaliano, na mama akasimama mlangoni akatangaza mtaa mzima usikie, “Sina binti mimi, niliyekuwa naye amezama baharini,” na mama akisema amesema, barua zilirudi hazijafunguliwa, zawadi zilirudi na kamba zake, mpaka Machi ile. Lakini Januari inakuja kabla ya Machi, hilo halina mjadala. “Rosa! Rosa mpenzi!” Bi Ornella, yule mwanamke mnene wa Bergamo anayekaa naye kiti kimoja ndani ya basi, alikuwa anampa simu yake, “nipige hapa, bahari itokee yote, na haya makaburi meupe, ah, kuzuri jamani, mtu unatamani ufie hapa,” na akaliegemea jiwe, jiwe hilohilo, akaweka mkono juu ya jina la mama, akatoa meno, na Raudha, Mungu amsamehe, akanyanyua simu, akabonyeza, kwa sababu mikono inafanya inachoambiwa hata pale kichwa kimekufa, “moja tena, nilifumba macho,” akabonyeza tena. Basi yule wa kwenye simu ni nani? Na kabla hajamaliza kuuliza alishajua, ni Monjiya, mama yake mdogo, anayeishi chumba cha juu cha nyumba ileile, Monjiya mwenye sauti moja na dada yake, baba alikuwa akirudi kutoka karakana anaitwa kutoka uani, anadhani ni mkewe, anatokea shemeji, walikuwa wakimcheka, “Hmida leo utalala kwa shemeji”... Mwongo we! Mchawi we! Umeiba mdomo wa maiti! Aende sasa hivi, auvunje mlango, apige kelele majirani watoke na miiko mikononi, waambiwe huyu mama Monjiya wenu amenifanyia nini, ingawa bila shaka wanajua, wote wanajua, aliye ng'ambo haambiwi msiba, ndivyo tulivyo, ataambiwaje alie peke yake na kuta, asubiriwe arudi, akalishwe mkekani, ashikwe mikono yote miwili ndipo aambiwe, yeye mwenyewe Raudha si alimficha Neji, jirani yao kule Mazara, kifo cha baba yake miezi miwili, akimwangalia usoni na kumwambia mzee ana mafua tu? Lakini mafua ni mafua, yeye hakumpa Neji msamaha wa uongo. Maana hilo ndilo lililomuuma sasa, si kifo, kifo kitakuja kumliza baadaye, ni kwamba mama alikufa na kinyongo chake kizima, yeye Raudha hakusamehewa, alitembea mwaka na nusu amenyoosha shingo kama mtu mwenye mama, kumbe hana, na hakusamehewa. “Na wale mabaharia wa zamani,” Wajdi alikuwa anasema, “walizikwa wakitazama...” wakitazama nini hakusikia, maana ilikuja ile sauti tena, nisamehe, mwanangu, na safari hii ikamgutusha, mama tangu lini akaomba msamaha, mama alimwaga maji ya samaki juu ya nguo za jirani zilizoanikwa na bado akadai jirani ndiye aombe radhi, mama angekufa kwanza... na alikufa kwanza. Na jina la Calogero mama asingelitia mdomoni hata kwa kulitema. Raudha alikuwa ameona, si kwamba hakuona, alimwambia mumewe uzee umemlainisha mama, akanyamaza hapo, kwa sababu alitaka iwe hivyo. Basi aliyekuwa analia Machi ni Monjiya, kilio kilikuwa chake, miezi miwili tu tangu amwoshe dada yake, hana mtoto, hana mume, amebaki na ngazi na vyumba vitupu, akaishika simu na kuomba msamaha, kwa uongo anaoanza au kwa siku ile alipokaa juu ngazini akasikia binti anafukuzwa na yeye asishuke, na tangu hapo kila Ijumaa anajifuta machozi, anacheka kwa sauti ya marehemu, ndugu yake amekufa na yupo mtu mmoja duniani asiyeweza kumwambia amekufa. Raudha alipiga magoti. Kaburi lilikuwa limepakwa chokaa mpya, ikachubuka na kumtia weupe vidoleni, na kile kishimo kinachochongwa juu ya kaburi ili ndege wanywe kilikuwa kimejazwa maji safi, hayajaingia hata vumbi, mtu amepanda kilima hiki leo asubuhi na ndoo, kwa miguu ileile inayouma, alimwambia kwenye simu miguu inamuuma, hilo nalo lilikuwa kweli. Akaweka kiganja juu ya jina. “Sinyora,” Wajdi alikuwa amemkaribia, anasema kwa Kiitaliano chake cha adabu, kwa upole, kofia mkononi, “samahani, usiguse tafadhali, haya makaburi yana wenyewe.”

“Najua, kaka,” Raudha akasema, kwa Kiarabu cha mtaani kwao, na Wajdi akarudi nyuma hatua moja, “mwenyewe anaitwa Monjiya, amefiwa na dada yake, mwaka wa pili huu, na mimi bado sijampa pole.”