Sakafu Isiyo na Msuguano

Saa kumi na nusu alasiri, Jumanne moja ya Oktoba mwaka 2013, Mirriam, mtumishi wa ndani, alikuwa akipiga deki sebule ya villa moja ya Mirdif, Dubai. Anagha, binti mkubwa wa nyumba hiyo, alikuwa kwenye meza ya chakula akifanya maswali ya fizikia ya kuchagua jibu, kwa ajili ya mtihani wa kuingia vyuo vya uhandisi kwao India. Swali la kumi na saba lilisema kwamba kipande cha mbao cha kilo mbili kimewekwa juu ya sakafu isiyo na msuguano, kikavutwa kwa nguvu ya nyutoni kumi. Je, kasi yake inaongezeka kwa kiasi gani kila sekunde? Anagha akazidisha mahali pa kugawanya, akazungushia B, ishirini. Papo hapo sakafu ikaishiwa na msuguano. Mirriam, aliyekuwa ameinamia deki, akaondoka bila kupiga hatua, akapita mlango wa jikoni akiwa vilevile ameinama, akasimamishwa na friji.

"Gawanya, usizidishe," alisema akiwa pale kwenye friji. "Jibu ni C."

Anagha akafuta, akazungushia C, na sakafu ikashika tena. Mirriam akarudi kumalizia kona aliyokuwa ameiacha.

Tangu siku hiyo ndivyo ilivyokuwa. Swali likijibiwa vibaya kwenye meza ile, lilihamia ndani ya nyumba na kukaa humo mpaka mtu azungushie jibu sahihi. Madam Sheeba, mama wa nyumba, aliwanunulia wote ndara za mpira, ambazo hazikusaidia kitu, maana mpira nao hauna cha kushika pasipo na msuguano. Mumewe, sir Baiju, alimwita Sulaiman, fundi wa mwenye nyumba. Sulaiman aligonga vigae viwili vitatu, akasema vigae ni vizima, tatizo ni mtihani. Alieleza kwamba kwenye villa ya pili kutoka pale nako kuna mtoto anayejiandaa, ila yule anafanya kemia, na mapazia yamebadilishwa mara tatu. Akaandika kwenye fomu yake kwamba kazi imekamilika.

Sir Baiju mwenyewe alikuwa mhandisi wa viyoyozi, lakini cheo kilikwisha mfikisha mahali ambapo mtu haulizwi tena maswali. Siku Anagha alipokosea swali la lifti iliyokatika kamba, wali wote uliondoka kwenye sahani na kusimama hewani, mchuzi wa samaki ukiufuata kwa vidonge. Sir alikula vile vilivyokuwa karibu na mdomo wake. Alipoombwa jibu alisema kwamba enzi zao mambo haya yalifundishwa kwa njia nyingine. Ni Mirriam, kichwa chini karibu na taa, aliyesema kuwa mizani ndani ya lifti hiyo itasoma sifuri, yaani A. Kila kitu kikashuka, na wali ukaangukia alipokwisha pafagia.

Hakuna aliyemuuliza amejulia wapi. Angeulizwa angesema kwamba alifundisha fizikia miaka sita katika sekondari moja ya kutwa huko Nyamira, akiwa mwalimu wa kuajiriwa na wazazi, akiingoja serikali imwone. Serikali haikumwona. Wakala wa Nairobi ndiye aliyemwona, akamwambia Dubai kuna nyumba yenye watoto wanaosoma. Kwa hilo wakala hakusema uongo.

Madam Sheeba alikuwa mwepesi wa kuona faida. Kila Alhamisi, siku ya usafi mkubwa, alimwagiza Anagha akosee kwa makusudi swali moja la sakafu isiyo na msuguano, ili Mirriam asukume kabati na friji kwa kidole. Wenye nyumba wote wanne walikaa wameshikilia fremu za milango huku samani zikipita mbele yao. Ilikuwa kazi nyepesi, na kwa kuwa ilikuwa nyepesi madam akaongeza nyingine.

Januari Anagha alipelekwa Al Mankhool kufanya mtihani wa majaribio katika kituo cha masomo ya ziada, ghorofani juu ya duka la simu. Mirriam aliandamana naye kubeba chakula. Akiwa anasubiri kwenye ukumbi, alisoma majibu yaliyobandikwa ukutani, akaona kosa, na mkono wa mwalimu haujui kutulia. Mwenye kituo, Bwana Khelef, mzee mwenye asili ya Unguja, alimkuta amesimama na kalamu.

Mirriam alimweleza kwa adabu kwamba mpira uliorushwa juu ukifika kileleni husimama kidogo, lakini dunia haiachi kuuvuta hata nukta moja, kwa hiyo aliyeandika sifuri amekosea. Bwana Khelef aliuangalia ukuta, akaiangalia ile mikebe ya chakula, akamwangalia yeye.

"Wewe mwalimu, mama," alisema. "Kazi ipo. Niletee barua ya kafeel wako ya kukuachia. Mwezi wa saba naanza darasa jipya, na hapo siwezi kungoja, nitachukua mwengine."

Mwaka mzima na zaidi Mirriam hakuwa ameitwa mwalimu. Ndani ya basi la kurudi ilibidi ajifanye anapekua mkoba.

Kafeel wake, yaani mdhamini wa kibali chake cha kazi, alikuwa sir Baiju, na pasipoti yake ilikuwa kwenye saraka ya sir Baiju. Alimwomba barua jioni hiyohiyo. Sir hakukasirika. Aliweka kijiko chini, akasema mbele ya mkewe na binti zake wawili: "Anagha akifaulu, nasaini. Nimekupa neno langu, Mirriam."

Basi Mirriam akafundisha. Alifundisha akikatakata vitunguu, akipiga pasi, akivuta wavu wa majani kwenye bwawa la jirani aliyemwazima asafishe. Alimvunja Anagha tabia ya kujibu kila swali kwa kubahatisha, maana mtihani ule jibu baya hula alama ya jibu zuri. Alimwambia asichokijua akiache wazi. Kufikia Machi nyumba ilikuwa inakaa wiki nzima bila mtu kuteleza, na madam akaanza kulalamika kwamba friji haijasogezwa. Mtihani ukafanywa Aprili. Matokeo yakatoka Juni: Anagha amefaulu, na katika fizikia amekosa maswali mawili tu. Pakaletwa keki. Mirriam naye alipewa kipande, na simu ya zamani ya madam.

Siku iliyofuata aliomba barua. Sir akasema inshallah. Baada ya siku tatu akaomba tena, sir akasema inshallah. Mara ya tatu sir akasema yalla, Mirriam, acha nipumue kwanza. Zilikuwa zimebaki siku nne Julai iingie.

Ndipo Mirriam alipofikiri kama mwalimu. Katika nyumba ile palikuwa na mahali pamoja tu ambapo jibu la uongo halipiti. Alichana karatasi kwenye daftari la zamani la Anagha, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni:

*Bwana mmoja, aliye juu ya sakafu isiyo na msuguano, alitoa ahadi ya kusaini barua. Sharti limetimia. Je, atasaini lini?*

*A. Leo.*

*B. Jumapili, akifika ofisini.*

*C. Mwezi wa nane, baada ya kumpeleka binti yake chuoni.*

Hapo akakwama. Lolote kati ya hayo matatu angelipokea, hata C, maana Bwana Khelef huenda angebembelezwa. Lakini swali la kuchagua lina majibu manne. Miaka sita aliwakemea walimu wenzake waliotunga maswali ya majibu matatu, na hakuweza kuiweka mezani kazi yenye upungufu. Akaandika jibu lile ambalo kila mtungaji huliandika akiishiwa:

*D. Hakuna jibu sahihi kati ya hayo.*

Aliiweka karatasi kando ya sahani ya sir wakati wa chakula cha mchana, Ijumaa. Sir aliisoma, akatabasamu, akatoa kalamu ya ofisini na kuzungushia A.

Kiti chake kikaanza kuondoka mezani.

"Ni kweli nilikuwa nafikiria leo," sir aliwaambia watu wote, akipita kabati la vyombo. Devika, binti mdogo, alimsukuma kidogo kutoka ukutani akarudi. Akazungushia B. Kiti kikaelekea upande wa pili. Madam, aliyekuwa ameshikilia fremu ya mlango, akamwambia achague haraka, mchuzi unapoa. Aliporudishwa tena alizungushia C, kwa mkazo, kama mtu aliyekwisha amua kabisa. Kiti kikazunguka mara moja polepole na kuelekea jikoni.

Hapo sir Baiju aliacha kutabasamu. Alimtazama Mirriam, na kwa haki ni lazima isemwe kwamba aliona haya. Akaiweka karatasi gotini, akazungushia D.

Miguu ya kiti ikashika sakafu.

Kisha madam akasema kwa upole kwamba hata hivyo Devika naye anaanza kujiandaa mwezi wa tisa, na nyumba isiyo na mtu wa kujua majibu ni hatari kwa mtoto. Sir alirudisha kiti mezani kwa miguu yake mwenyewe.

"Umeona, Mirriam," alisema. "Si mimi."

"Nimeona, sir."

Ilimuuma. Aliichukua karatasi, akaisoma tena tangu mwanzo, akitafuta kosa. Maelezo yalikuwa kamili, lugha ilieleweka, majibu yalikuwa manne. Halikuwa na kasoro swali lile. Ni swali zuri kuliko yote aliyowahi kutunga. Basi akachukua kalamu nyekundu ya Anagha, akaweka tiki pembeni ya D, akaandika chini yake 1/1, na kumrudishia sir kazi yake.