Tonge la Mkono wa Kulia

Tangu apigwe na kiharusi, mama alikuwa anakula amejifungia chumbani. Nilikuwa nimemteremsha kutoka kijijini Kinole aje akae kwangu mjini, Mafiga. Mkono wa kulia ulikuwa unainuka, lakini vidole vimejikunja, havifunguki ng'o. Imebaki ale kwa kushoto, na kula kwa kushoto mbele za watu, kwa mama yangu, bora njaa. Nagonga mlango na hasira zangu: "Mama, toka tule wote!" Hafungui. Anakonda tu. Nikaogopa atanifia mle ndani.

Jirani yetu Jesca ni mhandisi, anafundisha chuoni. Alikuwa anatengeneza glavu ya wagonjwa: kila kidole kina mrija wa mpira laini mgongoni, pampu ndogo ikiujaza upepo kidole kinakunjika, ikiufyonza kinanyooka. Nikampeleka mama.

"Shikamoo mama," Jesca akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Akamvisha glavu, akamshikisha kijiko. Kikashikika! Mimi huyo, vigelegele. Mama akakiweka chini.

"Kijiko cha uji hiki. Mimi nataka kumega ugali."

"Mama, mkataa pema pabaya panamwita!" nikafoka.

"Paniite, nitaitika."

Jesca akacheka, akasema atajaribu.

Mara ya pili mama akamega kweli, lakini kiganja kikalegea kama jani la mgomba lililovunjika, na tonge likaanguka pu! Jesca akamfunga kipande kigumu cha plastiki kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Loo! Mkono ukakakamaa, ugali ukaishia shavuni. Nilicheka, kisha nikajuta, maana mama alijifuta taratibu akasema, "Nirudishe nyumbani, Shamsia." Jioni ile hakula kabisa.

Jumapili Jesca akaja mwenyewe. Kile kipande alikuwa amekikata vipande viwili, akaviunga penye kifundo cha mkono kwa bawaba inayopinda kidogo tu, haiachii. Nikatandika mkeka, nikaweka ugali na kisamvu. Nikamnawisha mama ncha za vidole, ambazo glavu ilikuwa imeziacha wazi.

"Funga mlango," akasema.

"Sifungi."

Akanikazia macho. Nami nikakaza.

Pampu ikanguruma. Mama akamega, akalibonyeza tonge, akachovya, akatia mdomoni. Akatafuna. Mama akamega tena, na tena, mwisho hata mlango akausahau.

Mimi mkono wa kulia nilikuwa nimeshikilia pampu isivute waya, na njaa inaniuma. Nikapeleka wa kushoto kwenye sahani.

Pa! Kofi la glavu.

"Shamsia! Kushoto? Hivi wewe umelelewa na nani?"

Mkono unaniwasha, machozi yananitoka mbele ya mgeni.

"Na wewe, mama," nikasema. "Nimelelewa na wewe."