Swali la Daktari wa Ini

Tumbo lilimkata fundi cherehani akiwa anapima kiuno cha mteja, akajikaza mpaka mteja akaondoka. Mama mkwe ndiye aliyemburuta hospitali. Mpiga picha za tumbo alimpaka mafuta ya baridi, akapitisha kifaa chake ubavuni, akarudia palepale, tena na tena.

Sasa walikuwa mbele ya daktari, mkwe na mkwewe, magoti yakigusana kwa ufinyu wa chumba.

"Kuna uvimbe kwenye ini," daktari alisema. "Umezidi ndimu kidogo. Kwa picha hizi haufanani na saratani. Ila nataka kujua umetokana na nini. Kuna dawa unazomeza?"

"Huyu?" mama mkwe akadakia. Kwao mgonjwa haulizwi, husemewa na mkubwa wake. "Hata ya kichwa anaiogopa. Anachomeza ni maneno yangu tu, na hayo nayo huyatema."

Daktari alitabasamu, lakini macho yake hayakumwacha mgonjwa. Mgonjwa akatazama sakafu. Vidonge vya kuzuia mimba alikuwa akivificha ndani ya kopo la vifungo tangu mwezi wa harusi. Na mama huyu kila asubuhi humtazama tumbo kabla hajamtazama uso.

"Kama hakuna dawa, huenda tukachoma sindano tutoe kipande tukipime," daktari akaendelea. "Sipendi kukimbilia huko. Uvimbe mwingine ukichomwa huvuja damu."

Damu.

"Nameza vya kuzuia mimba," alisema, sauti nyembamba kama uzi.

Mama mkwe hakugeuka. Aliukumbatia mkoba wake tu.

Daktari akaeleza polepole: vidonge hivyo huweza kuulisha uvimbe wa namna hii, aviache leo. Akiviacha, uvimbe mara nyingi hunywea. Picha nyingine baada ya miezi sita, na usiponywea utakatwa. "Na mimba isubiri. Inaweza kuukuza ukapasuka. Tutakupa kinga isiyo na homoni. Ukisikia maumivu makali, usingoje kesho."

Nje, kwenye benchi la korido, mama mkwe alikaa kama mzigo uliotuliwa.

"Tangu lini?"

"Tangu harusi, Mama."

"Na mimi nazunguka kwa majirani nikisema mwanangu, mumeo, ndiye mbovu." Hakucheka. "Anajua?"

"Hajui."

"Utamwambia mwenyewe." Aliukumbatia tena mkoba. "Ningekuua mle ndani, mwanangu. Kwa mdomo huu huu uliosema humezi dawa."

Fundi alikuwa ameshika ubavu, akiogopa hata kuvuta pumzi yote.

"Panauma sasa hivi?"

"Hapaumi."

Mama mkwe akamtazama usoni, muda mrefu.

"Panauma," fundi akasema. "Kuliko jana."

Mama mkwe akaacha mkoba benchini, akarudi kugonga mlango wa daktari.