Pistoni za Sufuria

Mama alimsamehe baba mambo mengi, lakini sufuria zake hakuzisamehe kamwe. Mwaka wake wa mwisho, macho yakiwa yameshaingia ukungu, baba alizibeba zote mbili za aluminiamu, akaziyeyusha uani, akamimina pistoni mbili za Harley yake. Pikipiki hiyo ilizaliwa kabla yangu, na hapa mjini Cienfuegos vipuri vyake hupati hata ulie machozi ya damu. Pistoni hizo akazichonga kwa tupa huku akizipapasa kwa kidole gumba. Akafa kabla hajazifunga.

Jumapili ile ilikuwa Siku ya Akina Baba, ambapo wenye Harley wote huenda makaburini kwa msafara. Kaka yangu Evelio alikuwa ameapa kwenda kwa pikipiki ya mzee. Ijumaa akanifuata zahanati ninakofanya kazi ya uuguzi.

"Nereida, niazime bomba la sindano. Kubwa kabisa."

"Unamdunga nani, ng'ombe?"

"Injini."

Nikaenda naye, maana Evelio namjua kwa kupoteza vitu vya watu. Injini ilikuwa juu ya meza, pistoni za mzee ameshazifunga, ya mbele imepandishwa hadi mwisho. Akanieleza kwamba kijinafasi kinachobaki juu ya pistoni ndicho kinachoamua petroli ibanwe kiasi gani; kikiwa kidogo, inabanwa zaidi. Petroli yetu hii dhaifu huvumilia kubanwa mara saba. Ukizidisha, inalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, pistoni inatoboka.

Akajaza oili kwa bomba kupitia tundu la plagi mpaka ikafika mdomoni. Iliingia bomba moja na nusu tu. Akapiga hesabu kwa chaki sakafuni, akanyong'onyea.

"Mara tisa. Mzee kakosea, dada. Macho yale."

Akachukua tupa. Alitaka kuzivua pistoni azipunguze vichwa.

"Na ukipunguza kupita kiasi?"

"Zitakuwa nyembamba, zitatoboka. Basi tena. Nyingine sina."

Mimi nikawa naliangalia lile tundu la plagi. Lilikuwa limekaa ubavuni, si juu.

"We Evelio, hewa umeitoa?"

"Hewa gani?"

"Mungu wangu! Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekufukuza wodini leo hii. Weka hiyo tupa chini. Inamisha injini, tundu liangalie dari."

Akainamisha huku akinung'unika. Nikagongagonga silinda kwa kifundo cha kidole, kama ninavyogonga bomba kabla ya kumdunga mgonjwa. Blu! Povu kubwa la hewa likatoka, oili ikazama. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Bomba la pili lilipoisha kabisa, ndipo oili ikafika mdomoni.

Evelio akapiga hesabu upya. Akaifuta, akairudia.

"Saba," akasema. "Saba kamili."

Tukapima silinda ya nyuma. Mabomba mawili, na tone la mwisho likasimama mdomoni bila kumwagika. Jamani, mwili ulinisisimka. Mimi nina macho mazima, nina bomba lenye mistari, na bado dozi huitazama mara mbili. Yule mzee alikuwa na kidole gumba tu. Evelio alikuwa ameketi sakafuni juu ya chaki yake, analia waziwazi.

"Na mimi nilishashika tupa," akasema.

Jumapili asubuhi injini ilikuwa imesharudi kwenye pikipiki, ikawaka kwa teke la pili. Tukasimama roho mkononi, tukisikiliza kama itagonga. Haikugonga. Ilinguruma tu, taratibu, kama mzee alivyokusudia.

Mama akatoka jikoni na aproni yake. Nikajua sasa tutasemwa. Akainama karibu na injini, akasikiliza muda mrefu, akagusa silinda kwa ncha ya kidole na kukirudisha upesi.

"Zimeshapata moto," akasema. "Sufuria zangu."

Kisha akavua aproni, akanipa nimshikie, akapanda nyuma ya Evelio.