Pipa Lenye Leso

Mwanafunzi wa bweni hachagui safari. Akisikia basi la shule linakwenda Mitaboni kutazama kiwanda cha mvinyo, anapanda, maadamu huko hakuna maharagwe yenye wadudu. Ndiyo maana Rodgers wa kidato cha tatu alijiunga na chama cha kilimo siku ya Alhamisi, na Jumamosi akawa amesimama bandani kwa Mzee Mulwa, akinywa maji ya zabibu mabichi kwa uso wa kiaskofu.

Banda lilikuwa na vituko vyake, na Rodgers alivifurahia vyote. Kila pipa lilikuwa na jina la jamaa, na mgeni hakupita kabla ya kulisalimu.

"Mwamkieni Shangazi Kamene," Mulwa alisema, akipapasa pipa la kona. "Amechacha huyu, amekuwa siki kabisa. Namuuza kwa wenye hoteli."

"Shikamoo, Shangazi!" wanafunzi waliitikia.

Pipa la pili, pacha wa Shangazi kwa ukubwa, lilifungwa leso nyekundu. Mulwa alilipita kinyumenyume, amelipa kisogo.

"Huyo ni mama mkwe," alieleza. "Nthoni, heshima yetu ya wakwe, hairuhusu nimkazie macho. Hata akiwa pipa."

Rodgers aliona hapo mzaha umeletwa kwenye sinia. Wenzake walipotoka kwenda kutazama mizabibu, alibaki nyuma kufunga kamba za viatu. Alipotoka, leso ilikuwa kiunoni mwa Shangazi Kamene.

Huko shambani Mulwa alikuwa akishika majani ya mizabibu kama mtu anayeaga.

"Shamba hili ni la mama mkwe wangu, Nduku. Leo anakuja kuonja pipa lake. Akipenda, mizabibu inabaki. Asipopenda, ataing'oa yote apande ndengu. Divai ya mwaka jana hakuipenda."

Rodgers akaikumbuka leso. Aligeuka akakimbia, lakini Nduku alikuwa tayari ameketi bandani na mkongojo wake. Bintiye Kavata, mke wa Mulwa, alikuwa ametoka sokoni, na mapipa aliyajua kwa leso tu. Alikuwa anafungua mfereji wa pipa lenye leso. Mulwa alifika nyuma ya Rodgers pamoja na wengine na, kwa heshima, akaketi nje mlangoni akiangalia shamba.

"Susu, bibi yangu, usinywe!" Rodgers alipiga kelele. "Nimehamisha leso! Hiyo ni siki!"

Mwalimu Ndanu, msimamizi wa safari, alimshika ukosi. "Wiki jana ulituambia kuna chatu bwenini."

"Ule ulikuwa mzaha, mwalimu. Hii ni kweli."

"Hata chatu uliapa ni kweli. Tulilala uwanjani."

"Susu, onja lile lisilo na leso, tafadhali!"

"Lile liko uchi," Nduku alisema. "Kijana huyu anataka ninyweshwe uchafu mbele ya watu." Akanywa.

Kikongwe alifumba macho, mashavu yakaingia ndani, machozi mawili yakamtoka. Kisha akapiga mkongojo chini.

"Ya mwaka jana ilikuwa sharubati ya watoto. Hii ina meno! Mwambieni mkwe wangu mizabibu ibaki. Lakini kila pipa liwe hivi, na kila mwaka nitakuja kuonja."

Mwalimu alimsukuma Rodgers nje apeleke ujumbe, walau afanye la maana. Mulwa hakugeuka. Harufu ya siki ilikuwa imemfikia zamani.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Ni mimi, mzee. Nisamehe. Nimewaambia ukweli, wamekataa. Ngoja nirudi niwaambie tena."

"Wakikuamini itakuwaje? Ataonja lile lingine aseme ni sharubati, mizabibu ing'olewe. Wasipokuamini, nitatengeneza siki mpaka nizeeke." Alikuna magoti. "Na lile pipa, kijana, ndilo tamu kuliko yote niliyowahi kutengeneza."

Rodgers akaketi chini kando ya mzee, naye akalipa banda kisogo.

"Kavata!" sauti ya Nduku ilitoka ndani. "Niongeze!"

"Mwambie nimesikia, mapipa yote yatakuwa hivyo," Mulwa alisema.